Mtoto Anaposema Si Msichana Wala Mvulana: Nimwiteje?

KIPINDI CHA 17
Walengwa: Akina mama na walezi wa watoto na vijana
Muda: Dakika 15
Lengo: Kumsaidia mzazi aelewe kijana asiyejiona msichana wala mvulana, ajue namna ya kumwita, na amlinde afya yake.

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua.)

Leo tuna mada ambayo wengi huiogopa, na kwa kuiogopa huinyamazia.

Mada yenyewe ni hii. Kijana wako anakujia jikoni na kukuambia, "Mama, mimi sijioni msichana, na sijioni mvulana pia. Naomba usiniite hivyo tena." Mama mmoja atacheka akidhani ni mzaha. Mwingine atanyanyua mwiko. Wa tatu atakimbilia kwa mchungaji, kwa sheikh au kwa mganga. Wa nne atanyamaza, lakini usiku hatalala. Mama, popote ulipo kati ya hao wanne, kaa nasi. Kuna mambo ya kuelewa, na kuna mambo ya kufanya.

TUTENGANISHE MAMBO KWANZA

Mambo manne huchanganywa sana. Tuyachambue moja moja.

La kwanza ni maumbile. Mtoto anapozaliwa, mkunga huangalia sehemu za siri na kusema ni msichana au ni mvulana. Hiyo ndiyo jinsia inayoandikwa katika cheti cha kuzaliwa.

La pili ni mtoto huntha, yaani yule ambaye maumbile yake ya kuzaliwa hayalingani kikamilifu na ya kike wala ya kiume. Hilo ni jambo la mwili. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, na watu 1,524 wakaandikwa hivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtambua mtoto huntha na inampa haki ya kuheshimiwa na kutibiwa. Ukijifungua mtoto ambaye sehemu zake za siri hazieleweki, mpeleke hospitalini mapema, hasa akitapika na kulegea katika wiki za kwanza. Usikubali apasuliwe kwa haraka ili tu afanane na wengine.

La tatu ndilo la leo: jinsi mtu anavyojitambua moyoni mwake. Watu wengi hawajawahi kujiuliza swali hilo, kwa sababu mwili na moyo vimekubaliana. Kuna wengine ambao mwili unasema hivi na moyo unasema vingine. Kati ya hao, wapo wanaosema hawapo upande wa kike wala wa kiume. Siku hizi vijana huwaita nonbainari. Wengi wao si huntha. Miili yao ni ya kawaida kabisa.

La nne ni nani mtu anampenda. Hilo ni jambo lingine tena. Kijana anayekuambia hajioni msichana hajakuambia lolote kuhusu mapenzi. Usimwekee maneno mdomoni.

Tena usiseme kila mtoto anayetofautiana na wenzake yuko hivi. Msichana anayepanda miti na kupiga mpira, mvulana anayependa kupika na kusuka nywele, hao ni watoto tu wanaopenda wanachopenda. Tunayemzungumzia leo ni yule anayesema mwenyewe, tena na tena, kwamba neno unalomwitia linamchoma.

JE, NI UGONJWA?

Mwezi Mei mwaka 2019, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa. Lilianza kutumika Januari 2022. Katika toleo hilo, hali ya mtu kujitambua tofauti na jinsia aliyoandikiwa iliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili. Orodha hiyo inaeleza pia kwamba tabia na mapendeleo ya mtu peke yake hayatoshi kusema ana hali inayohitaji daktari.

Kwa hivyo mwanao hana wazimu. Hakurogwa. Wala si wewe uliyekosea ulipomnyonyesha au ulipomlea bila baba. Utauliza, "Je, itapita?" Wengine hubaki hivyo maisha yao yote, wengine hubadilisha maelezo yao kadiri wanavyokua. Huhitaji kujua mwisho wa safari ndipo umpe mtoto chakula cha jioni. Kazi yako ni afike utu uzima akiwa hai, akiwa na afya, na akiwa na nyumbani pa kurudi.

LUGHA YETU IMEKUPUNGUZIA KAZI

Sasa tuje kwenye maneno. Kwa Kiingereza, huwezi kumzungumzia mtu bila kuchagua: mwanamume ni "he", mwanamke ni "she". Kijana wa namna hii akiwa darasani, kila sentensi humsukuma upande mmoja. Ndiyo maana wengi huomba waitwe "they", neno ambalo kwa kawaida ni la watu wengi. Si jambo geni kama linavyosikika. Mtu akisahau mwavuli dukani, Mwingereza husema "they" kumhusu mtu huyo mmoja asiyemjua. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani iliongeza maana hii ya mtu mmoja asiye upande wa kike wala wa kiume. Huko Uswidi, neno jipya "hen" liliingia katika kamusi ya taifa mwaka 2015 kwa sababu kama hiyo.

Sisi hatukuhitaji kuunda neno jipya. Sikiliza sentensi hii: "Amani amefika, amekula, mpe kitabu chake." Je, Amani ni msichana au ni mvulana? Haijulikani. Kiswahili kinasema "yeye" na kinasema "amefika" kwa kila binadamu. Kikuyu, Kiluhya, Kikamba na Kijaluo pia havitenganishi hapo. Ndiyo maana wazee wetu wengi wanapozungumza Kiingereza humwita binti yao "he" bila kujali: katika lugha ya mama, mgawanyo huo haupo. Mama wa Garissa anayezungumza Kisomali, au wa Marsabit anayezungumza Kiborana, ana kazi zaidi, kwa sababu lugha hizo zina neno la yeye wa kike na neno la yeye wa kiume.

Lakini usidhani Kiswahili hakina miiba. Miiba iko katika majina ya ukoo na ya heshima: dada, kaka, binti, msichana, mvulana, bwana, bibi. Hata "kijana wangu" hapa kwetu mara nyingi humaanisha mtoto wa kiume. Hayo ndiyo maneno ambayo mwanao anakuomba uyapunguze.

Badala yake unayo maneno mengi, na yote ni ya zamani. "Mwanangu" halina kike wala kiume. "Mtoto wangu" vilevile. Kuna kifungua mimba na kitinda mimba. Nyanya ana "mjukuu". Shangazi na mjomba wana "mpwa". Watoto wa ndugu ni "binamu". Wageni wakikuuliza una wasichana wangapi na wavulana wangapi, jibu, "Nina watoto watatu, na wote ni wazima." Hujadanganya, na hujamtia yeyote aibu.

JINA LENYEWE

Jambo gumu zaidi huwa ni jina, kwa sababu majina yetu mengi hutaja jinsia waziwazi. Kwa Wajaluo, herufi moja inatosha: Achieng ni wa kike, Ochieng ni wa kiume, na wote wamezaliwa jua likiwaka. Kwa Wabukusu, Nekesa na Wekesa wote ni wa wakati wa mavuno, Nafula na Wafula wa wakati wa mvua. Kwa Wakalenjin kuna Chepkoech na Kipkoech, waliozaliwa alfajiri. Kwa Wakikuyu, jina ni la nyanya au la babu. Mtoto akiliacha, nyanya anaweza kuhisi ni yeye anayeachwa.

Na wewe mama pia umeguswa. Ikiwa mtaa mzima unakuita Mama Achieng, mtoto akikataa "Achieng" anakuwa amegusa jina lako. Uchungu huo ni wa kweli na una haki ya kuuhisi. Mwambie mwenzi wako, dada yako, au mshauri. Usimwache mtoto aubebe peke yake kama hatia.

Kuna njia za kati. Familia nyingine hutumia jina la utani la utotoni. Nyingine huchukua jina lisilotaja jinsia, kama Amani au Furaha. Nyingine hubaki na jina la ukoo peke yake. Nyanya anaweza kuelezwa kwamba jina lake bado liko katika cheti na katika moyo wa mjukuu, ila nyumbani ataitwa vingine. Keti na mwanao mlitafute pamoja. Jina mlilolitafuta pamoja huwa rahisi kulikumbuka.

Ukikosea, na utakosea, jirekebishe kwa neno moja kisha endelea: "Dada yako, samahani, Amani ameleta maziwa?" Basi. Usilie, usijitetee kwa dakika kumi, maana hapo mtoto ndiye anayeanza kukubembeleza.

KWA NINI NENO MOJA LINA UZITO?

Huenda unasema, "Mtoto akililia wembe, mpe?" Mama, jina si wembe. Halimkati mtu. Kinachokata ni kukataliwa.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha vijana 129 nchini Marekani, wa umri wa miaka 15 hadi 21, ambao wanajitambua tofauti na jinsia waliyoandikiwa. Waliulizwa kama wanaitwa jina walilochagua nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki. Walioitwa hivyo katika sehemu nyingi zaidi walikuwa na huzuni kidogo zaidi, na mawazo machache zaidi ya kujiua. Kila sehemu moja iliyoongezeka ilihusishwa na kupungua kwa mawazo hayo kwa asilimia 29. Ni kundi dogo na la nchi ya mbali, lakini somo lake linaeleweka hapa pia. Kati ya sehemu hizo nne, iliyo mikononi mwako ni nyumbani.

MWULIZE KABLA YA KUSEMA

Usikimbilie kuwaambia majirani, wala kikundi cha akina mama, wala hata baba yake, kabla ya kumwuliza mtoto. Mwulize maswali matatu: Nani anajua? Nikuite hivi wapi? Wapi nisikuite hivi? Huenda anataka jina lile nyumbani tu, na mbele ya chifu au katika harusi ya binamu uendelee kama zamani. Huo si unafiki. Ni usalama, na yeye ndiye anayejua ni wapi anadhihakiwa na ni wapi anatishwa.

Shuleni, tafuta mwalimu mmoja, pengine yule wa ushauri nasaha, na umwombe mambo machache yanayowezekana: asichapwe, asidhihakiwe, aitwe kwa jina lake la ukoo, aruhusiwe kutumia choo wakati ambapo hakuna msongamano. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Unaweza kulikumbusha shule jambo hilo kwa upole.

AFYA YA MWILI HAINGOJI

Mwili una mahitaji yake, moyo useme lolote. Zingatia haya:

1. Hedhi. Aliyezaliwa na mwili wa kike atapata hedhi hata kama hajioni msichana, na kwake siku hizo zaweza kuwa chungu mara mbili. Mwekee sodo mahali anapoweza kuchukua bila kuomba. Usitangaze mbele ya watu.

2. Chanjo na uchunguzi. Chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa kwa mpango wa taifa Kenya mwaka 2019. Anaihitaji kwa sababu ya mwili wake, si kwa sababu ya jina lake.

3. Kufunga kifua. Wengine hujifunga kifua kwa bendeji au kwa utepe wa kunata ili kisionekane. Ni hatari: huleta maumivu ya mbavu, vidonda vya ngozi na shida ya kupumua. Zungumza naye bila kumfokea. Sidiria ya michezo inayomtosha ni salama zaidi. Asilale nayo.

4. Dawa za kubadilisha mwili. Asinunue homoni mitaani wala kuazima za mtu. Jambo lolote la aina hiyo ni la daktari.

5. Ubakaji. Kuna watu wanaosema kijana wa namna hii abakwe ili "arekebishwe". Huo ni uhalifu mkubwa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Likitokea, asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana, na afikishwe hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema ni bora zaidi.

DALILI ZA HATARI

Tafuta msaada haraka ukiona mwanao amejitenga na marafiki wote, hali wala halali, hataki kuoga kwa sababu hawezi kuutazama mwili wake, ana alama za kujikata mikononi au mapajani, anagawa vitu vyake, au anasema afadhali asingezaliwa. Mwulize waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi wazo, linampa mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za mifugo, dawa za kunyunyizia mimea na vidonge. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au piga simu ya bure 116, laini ya watoto nchini Kenya, inayofanya kazi usiku na mchana.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, sheria inakataza? Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu iliviacha vilivyo Mei 2019, vinahusu vitendo vya ngono. Havihusu jinsi mtu anavyojiona wala jina analotaka kuitwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Kwa upande mwingine, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa. Kumfukuza nyumbani aliye chini ya miaka 18 ni kumtelekeza, na hilo ni kosa.

Je, si mambo ya kizungu? Neno nonbainari ndilo geni. Lakini Wanandi na Wakisii walijua tangu zamani mwanamke anayeoa mke na kuchukua nafasi ya mume katika boma. Sababu yao ilikuwa kupata mrithi, kwa hivyo si jambo lilelile. Hata hivyo linatuonyesha kwamba wazee wetu hawakudhani nafasi ya mtu nyumbani hufuata mwili wake siku zote.

Je, na dini yangu? Hakuna anayekuomba uiache. Unaweza kuomba, unaweza kuwa na maswali, na bado ukamwita mwanao kwa namna isiyomchoma. Ila usikubali afungiwe, afungishwe njaa au apigwe kwa jina la maombi.

Je, baba yake akikataa? Usitake akubali yote kwa siku moja. Anza na jambo moja: asimpige na asimfukuze. Mengine yatafuata polepole, labda kupitia mjomba au mzee anayemheshimu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Si ugonjwa wa akili, si kurogwa, wala si kosa la mama.
• "Yeye" na "mwanangu" ni maneno yetu, na yanatosha kuanzia leo.
• Ukikosea, jirekebishe kwa neno moja, uendelee.
• Mwulize mtoto kabla ya kumwambia mtu mwingine.
• Mwili bado unahitaji sodo, chanjo na daktari.
• Ukiona dalili za kujiua, usingoje kesho. Piga 116.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni maneno gani ya ukoo katika lugha yenu ya mama hayatenganishi mwanamke na mwanamume?
2. Mtoto wa jirani akifukuzwa nyumbani kwa sababu hii, kikundi chetu kinaweza kufanya nini usiku huohuo?
3. Ni nani katika kijiji chetu mzazi anaweza kumwendea bila siri yake kuenezwa?

Mama msikilizaji, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Jioni ya leo, ukimwita aje mezani, mwite "mwanangu". Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho.)